Kuulizwa Wakati Deni Limeshaiva

Saa sita ya usiku ilikuwa imeshapita, kuamkia Jumamosi ya tarehe 27 Juni 2015, Waziri Mkuu wa Ugiriki, Alexis Tsipras, alipojitokeza kwenye televisheni na kuwaambia wananchi wake kwamba wao ndio watakaoamua. Wadai walikuwa wameweka mezani masharti mapya: kodi zipande, mafao ya wastaafu yapunguzwe, matumizi ya serikali yabanwe zaidi. Tsipras hakutaka kuyatia saini, na hakutaka kuyakataa bila kuwauliza waliompa kura. Kura ya maoni ingepigwa Jumapili ya tarehe 5 Julai. Siku nane tu. Kabla hakujapambazuka, watu walikuwa wameshapanga foleni mbele ya mashine za kutolea fedha.

Karatasi ya kura iliuliza kama ukubaliwe mpango uliowasilishwa na Tume ya Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kwenye kikao cha mawaziri wa fedha cha tarehe 25 Juni. Mpango huo ulikuwa na nyaraka mbili, moja ikieleza mageuzi yanayotakiwa, nyingine ikichambua kama nchi ingeweza kulihimili deni lake. Mvuvi wa Kreta na muuza duka wa Patras walitakiwa wazisome, wazielewe, na waamue ndani ya wiki moja. Kulikuwa na kasoro kubwa kuliko hiyo. Mkataba wa mkopo uliokuwa ukitekelezwa ulifikia ukomo tarehe 30 Juni, na mawaziri wa nchi za sarafu ya yuro wakakataa kuurefusha. Siku ambayo wananchi wangepiga kura, pendekezo walilokuwa wakilipigia kura lingekuwa limeshakufa.

Zaidi ya miaka kumi imepita, na kura ile bado inatajwa kila yanapozuka mabishano juu ya madeni ya taifa. Wako wanaosema Ugiriki ilithibitisha kwamba mambo ya fedha hayapelekwi kwa umma, kwa kuwa umma utakataa kulipa siku zote. Wako wanaosema umma ulitoa jibu la haki na viongozi wakausaliti. Wote wanabishana juu ya jibu. Makala haya yanashikilia kwamba kosa lilikuwa kwenye saa ya kuuliza. Wagiriki waliulizwa kuhusu kulipa. Hawakuwahi kuulizwa kuhusu kukopa, wala kuhusu namna ya kuokolewa wakati njia zaidi ya moja zilikuwa bado wazi.

Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga. Kwa Ugiriki inafaa kuuliza kwanza harusi ilikuwa ya nani. Nchi iliingia kwenye sarafu ya yuro mwaka 2001, na kwa miaka kadhaa masoko yakaikopesha kwa riba iliyokaribiana na ya Ujerumani, kana kwamba nchi hizo mbili zina uchumi mmoja. Serikali zilizopokezana madaraka zilikopa bila woga. Wenye nacho walikwepa kodi na wakaachwa. Takwimu zilipambwa. Oktoba 2009 chama cha PASOK cha George Papandreou kilishinda uchaguzi, na muda mfupi baadaye serikali mpya ikatangaza kwamba nakisi ya bajeti ya mwaka huo ilizidi asilimia 12 ya pato la taifa, karibu mara mbili ya ilivyokuwa ikitajwa. Hesabu zilizosahihishwa baadaye ziliifikisha juu ya asilimia 15.

Wakopeshaji wakafunga milango. Tarehe 23 Aprili 2010 Papandreou, akizungumza kutoka kisiwa kidogo cha Kastellorizo, aliomba msaada wa Ulaya na IMF. Mwezi uliofuata ukapatikana mkopo wa yuro bilioni 110: bilioni 80 kutoka nchi za sarafu ya yuro, bilioni 30 kutoka IMF. Bunge liliyapitisha masharti kwa haraka, huku mitaa ya Athens ikiwaka. Tarehe 5 Mei wafanyakazi watatu wa benki, mmoja wao mjamzito, walikufa baada ya tawi lao kurushiwa mabomu ya petroli wakati wa maandamano. Kura ya maoni haikuzungumzwa.

Wakati huo sehemu kubwa ya deni la Ugiriki ilikuwa mikononi mwa wakopeshaji binafsi, zikiwemo benki kubwa za Ufaransa na Ujerumani. Sehemu kubwa ya fedha za uokozi iliingia Athens na kutoka kwenda kuwalipa. Mwaka 2016 watafiti wa chuo cha biashara cha ESMT cha Berlin walizifuatilia yuro bilioni 215.9 za mikopo miwili ya kwanza, wakakuta kwamba chini ya asilimia 5 ndiyo iliyofika kwenye bajeti ya serikali ya Ugiriki. Zilizobaki zililipa madeni ya zamani na riba zake, na nyingine zikaingizwa kwenye mitaji ya mabenki. Machi 2012, wakopeshaji binafsi walipokubali hatimaye kukatwa zaidi ya nusu ya thamani ya hati fungani zao, sehemu ya mzigo ilikuwa imeshahamia kwa walipa kodi wa Ulaya. Ndivyo mfanyakazi wa kiwanda Slovakia alivyojikuta anamdai mstaafu wa Athens asiyemjua, na kila mmoja akaaminishwa kwamba mwenzake ndiye anayemnyonya.

Hapo ndipo mjadala wa Ulaya ulipoharibika. Suala la benki zilizokopesha ovyo na serikali zilizokopa ovyo liligeuzwa kuwa ugomvi wa mataifa: Wajerumani wachapa kazi, Wagiriki wavivu. Magazeti ya Berlin na ya Athens yalitukanana kwa miaka mitano, na wenye benki hawakuwa na haja ya kusema neno.

Masharti yenyewe yalikuwa mazito. Kodi ya ongezeko la thamani ilipanda kutoka asilimia 19 hadi 23. Februari 2012 kima cha chini cha mshahara kilikatwa kwa asilimia 22, na kwa vijana wa chini ya miaka 25 kwa asilimia 32. Pensheni zilipunguzwa mara kadhaa. Tarehe 11 Juni 2013 serikali ilitangaza kulifunga shirika la utangazaji la taifa, ERT, na usiku huo huo matangazo yakakatwa. Ukosefu wa ajira ulizidi asilimia 27 mwaka huo, na kati ya vijana waliokuwa wakitafuta kazi, zaidi ya nusu hawakuipata. Uchumi ulisinyaa kwa takriban robo. Zaidi ya watu 400,000 walihama nchi, wengi wao vijana wenye shahada ambazo mama na baba walizilipia kwa jasho. Aprili 2012 mfamasia mstaafu wa miaka 77 alijiua kwa risasi kwenye uwanja wa Syntagma, mbele ya Bunge, akiacha barua iliyosema serikali ilikuwa imemfutia tumaini la kuishi kwa pensheni aliyoichangia kwa miaka 35.

Wanaosema mwananchi wa kawaida hawezi kuelewa hesabu za deni wanapaswa kusoma kile wataalamu wenyewe walichokiri. Januari 2013 mchumi mkuu wa IMF, Olivier Blanchard, pamoja na Daniel Leigh, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watabiri wa uchumi walikuwa wamekadiria madhara ya kubana matumizi kuwa madogo kuliko yalivyokuwa kweli. Juni mwaka huo IMF ikatoa tathmini ya mkopo wa kwanza wa Ugiriki na kukiri kwamba ulikuwa na mapungufu makubwa. Mwanamke aliyekuwa akiuza mboga Thessaloniki alikuwa ameshalijua jambo hilo tangu 2011, kwa kuona wateja wake wakinunua nusu ya walichokuwa wakinunua.

Kura iliyostahili kupigwa ilikuwa ya mwaka huo wa 2011. Mwishoni mwa Oktoba viongozi wa Ulaya walikuwa wamekubaliana juu ya mkopo wa pili wa yuro bilioni 130 na kupunguzwa kwa deni la wakopeshaji binafsi. Tarehe 31 Oktoba Papandreou akawashangaza wote kwa kutangaza kwamba atawapelekea wananchi mpango huo wauamue. Alikuwa na sababu ya msingi. Masharti yale yangegusa maisha ya kila kaya kwa miaka mingi, na serikali yake haikuchaguliwa kuyatekeleza; miaka miwili nyuma aliomba kura akiahidi kwamba fedha zipo. Alihitaji ama ridhaa mpya au katazo la wazi.

Siku mbili baadaye aliitwa Cannes, ulikokuwa ukiandaliwa mkutano wa nchi za G20. Chansela wa Ujerumani, Angela Merkel, na Rais wa Ufaransa, Nicolas Sarkozy, walimweleza kwamba kama kura ni lazima, basi swali liwe moja: Ugiriki inabaki kwenye yuro au inatoka. Walimweleza pia kwamba awamu ya mkopo ya yuro bilioni 8 iliyokuwa ikisubiriwa isingetolewa hadi kura ipigwe. Waziri wake wa fedha, Evangelos Venizelos, aliyekuwa naye Cannes, alirudi Athens na kutangaza kuipinga kura hiyo kabla siku haijapambazuka vizuri. Ikafutwa. Papandreou akaondoka madarakani, na tarehe 11 Novemba Lucas Papademos, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Benki Kuu ya Ulaya, akaapishwa kuwa waziri mkuu bila kupitia sanduku la kura.

Wakati ule deni kubwa lilikuwa bado kwa watu binafsi, benki zilikuwa wazi, na mezani palikuwa na mpango ulio hai ambao mtu angeweza kuukubali au kuukataa. Kama Wagiriki wangesema ndiyo, serikali ingepata uhalali iliouhitaji. Wangesema hapana, wadai wangelazimika kurudi kwenye mazungumzo wakiwa na mengi ya kupoteza. Ulaya iliua kura hiyo kwa kuogopa masoko, na kwa kuiua ikaandaa mazingira ya kura nyingine, ya hasira na ya kuchelewa, miaka minne mbele.

Januari 2015 chama cha Syriza kilishinda uchaguzi kwa ahadi ya kukomesha kubana matumizi. Tsipras alikuwa na miaka 40. Waziri wake wa fedha, Yanis Varoufakis, profesa wa uchumi asiyevaa tai, akawa sura ya mazungumzo ya miezi mitano ambayo hayakuzaa kitu. Mwanzoni mwa Juni hazina ilikuwa karibu tupu.

Baada ya tangazo la usiku ule wa Juni, mambo yalikwenda kwa kasi. Jumapili ya tarehe 28 Benki Kuu ya Ulaya ilikataa kuongeza fedha za dharura kwa benki za Ugiriki. Zikafungwa, na kila mwenye kadi akaruhusiwa kutoa yuro 60 kwa siku. Tarehe 30 Ugiriki ilishindwa kuilipa IMF takriban yuro bilioni 1.5, ikawa nchi ya kwanza iliyoendelea kukosa malipo kwa shirika hilo na kuingia kwenye orodha waliyokuwamo Sudan, Somalia na Zimbabwe. Kwa wastaafu wasio na kadi, baadhi ya matawi yalifunguliwa ili wachukue yuro 120 za kuwavusha wiki. Picha ya mzee aliyeketi sakafuni nje ya benki Thessaloniki, akilia na kitabu chake cha akiba kikiwa pembeni, ilizunguka dunia nzima.

Katika hali hiyo watu walijadiliana, na kwa uzito ambao wageni wengi hawakuutarajia. Familia ziligawanyika mezani. Waliotaka ndiyo hawakuwa vibaraka, kama walivyoitwa na wapinzani wao. Walikuwa watu wenye akiba ndogo benki, wenye maduka ya dawa na bidhaa za nje, na wazee walioyakumbuka maisha ya sarafu ya drakma iliyopungua thamani kila mwaka. Hofu yao ilikuwa na msingi: Rais wa Tume ya Ulaya, Jean-Claude Juncker, aliwaeleza waziwazi kwamba hapana yao ingeeleweka kuwa hapana kwa Ulaya. Waliotaka hapana nao hawakuwa wakwepa madeni. Walikuwa wameshalipa kwa miaka mitano, na kila walipolipa deni liliongezeka ukilipima kwa pato la taifa, kwa sababu pato lenyewe lilikuwa likiporomoka. Ijumaa ya tarehe 3 Julai pande hizo mbili zilifanya mikutano mikubwa usiku mmoja katika jiji moja, hapana Syntagma na ndiyo kwenye uwanja wa kale wa Panathenaic, na maelfu kwa maelfu walirudi nyumbani bila kupigana.

Siku moja kabla ya mikutano hiyo ilitoka hati iliyopaswa kuwa mikononi mwa kila mpiga kura tangu mwanzo. IMF ilichapisha uchambuzi wake wa awali ukisema deni la Ugiriki halihimiliki bila unafuu mkubwa, ukiwemo wa kurefusha sana muda wa kulipa, na kwamba nchi ingehitaji zaidi ya yuro bilioni 50 nyingine katika miaka mitatu. Kwa maneno mengine, mmoja wa wadai watatu alikiri kwamba hesabu za mpango hazikai. Serikali za Ulaya hazikufurahia kuchapishwa kwake kabla ya kura. Ukweli wa msingi kuliko wote ulifika zikiwa zimebaki siku tatu.

Asilimia 61.3 walisema hapana. Asilimia 38.7 walisema ndiyo. Walijitokeza asilimia 62.5 ya wapiga kura, na hapakuwa na mkoa hata mmoja ambako ndiyo ilishinda. Syntagma watu walicheza hadi usiku wa manane.

Asubuhi yake Varoufakis alijiuzulu. Wiki moja baadaye, baada ya kikao cha wakuu wa nchi kilichochukua saa 17 mjini Brussels, Tsipras alikubali mkopo wa tatu wa hadi yuro bilioni 86 wenye masharti magumu kuliko yale yaliyokataliwa: sheria za kodi na pensheni zipitishwe ndani ya siku chache, na mali za umma zenye lengo la thamani ya yuro bilioni 50 ziwekwe kwenye mfuko maalumu zikisubiri kuuzwa au kukodishwa. Wizara ya Fedha ya Ujerumani, chini ya Wolfgang Schäuble, ilikuwa imependekeza njia nyingine, Ugiriki itoke kwenye yuro kwa miaka mitano. Bunge la Athens lilipitisha makubaliano kwa kura 229 dhidi ya 64, na wabunge zaidi ya 30 wa Syriza waliyakataa. Kabla mwaka haujaisha, ulikuwa umesainiwa mkataba wa kukabidhi kwa miaka 40 uendeshaji wa viwanja vya ndege 14 vya mikoani kwa ubia ulioongozwa na kampuni ya Fraport ya Ujerumani.

Je, Tsipras aliwasaliti? Katika uchaguzi alioitisha, uliofanyika Septemba mwaka huo, chama chake kilishinda tena, na baadhi ya waliompa kura walisema walau alijaribu. Lakini tuhuma nzito zaidi haiko kwenye kusalimu amri. Iko kwenye kuita kura bila kuandaa nchi kwa ajili ya jibu ambalo yeye mwenyewe aliliomba. Ugiriki haikuwa na sarafu yake. Benki zake ziliishi kwa fedha za dharura zilizoidhinishwa na Benki Kuu ya Ulaya huko Frankfurt. Varoufakis ameeleza kwamba kikundi kidogo kilikuwa kimeanza kubuni mfumo wa malipo wa dharura, ila haukufika hatua ya kutumika. Kwa hiyo hapana ya watu milioni tatu na nusu ilikwenda Brussels ikiwa imebebwa na mtu mmoja aliyejua kwamba benki zake hazingefunguka bila idhini ya wale anaokwenda kubishana nao. Mgonjwa aliyekwishalazwa mezani, tumbo limeshapasuliwa, hawezi kuambiwa yuko huru kukataa upasuaji.

Iceland ilifanya tofauti, na tofauti hizo zinastahili kutazamwa kwa makini. Oktoba 2008 benki ya Landsbanki ilianguka pamoja na akaunti zake za mtandaoni zilizoitwa Icesave, ambako zaidi ya Waingereza na Waholanzi 300,000 walikuwa wameweka akiba. Uingereza ilitumia sheria ya kupambana na ugaidi kuzuia mali za benki hiyo. Serikali za London na The Hague ziliwalipa wateja wao, kisha zikaidai Iceland, nchi yenye watu wapatao 320,000, yuro bilioni 4 hivi pamoja na riba. Bunge la Reykjavík lilikubali. Karibu robo ya wapiga kura wote wakatia saini ombi la kumtaka rais aikatae sheria hiyo, na Januari 2010 Rais Ólafur Ragnar Grímsson akakataa kuisaini. Katiba yao inasema rais akikataa, wananchi huamua.

Machi 2010 zaidi ya asilimia 90 walisema hapana. Wadai walirudi na masharti nafuu, riba ikishuka kutoka asilimia 5.5 hadi karibu 3. Aprili 2011 mpango huo mpya nao ulikataliwa, safari hii kwa takriban asilimia 60. Kesi ikapelekwa Mahakama ya EFTA (Jumuiya ya Biashara Huria ya Ulaya), ambayo Januari 2013 iliamua kwamba serikali ya Iceland haikuvunja sheria. Na wenye kudai hawakutupwa: kufikia mwanzoni mwa 2016 mali za Landsbanki yenyewe, zilizouzwa taratibu na wafilisi, zilikuwa zimemaliza kulipa madai hayo ya kipaumbele. Aliyekopa ndiye aliyelipa.

Haitakuwa haki kuifanya Iceland iwe hadithi ya ushindi mtupu. Thamani ya krona yake ilianguka karibu nusu, nyumba nyingi zililemewa na mikopo, nchi ilichukua mkopo wa IMF, na udhibiti wa fedha za kigeni ulidumu hadi 2017. Ilikuwa hata hivyo na sarafu yake na benki kuu yake. Wananchi waliulizwa kuhusu mkataba mmoja unaoeleweka, kabla haujaanza kutekelezwa. Kati ya kura ya kwanza na ya pili walipewa mwaka mzima wa kufikiri, na waliposema hapana, ilikuwepo njia ya kisheria ya kulibeba jibu lao.

Ireland nayo ilipiga kura Mei 2012 juu ya mkataba wa nidhamu ya bajeti wa Ulaya, na asilimia 60 walikubali. Wengi walikubali kwa kuwa walielezwa kwamba nchi isiyoridhia isingeweza kukopa kwenye mfuko mpya wa uokozi wa Ulaya. Hawakuupenda mkataba, waliogopa kubaki bila mlango.

Katika Afrika Mashariki hadithi hii inatukuta tukiwa na kumbukumbu zetu. Mwaka 1979 Tanzania, iliyotoka kwenye vita vya Kagera ikiwa haina fedha za kigeni, ilivutana na IMF iliyotaka shilingi ishushwe thamani. Wananchi walikuwa wameshaambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, hakuona njia nyingine zaidi ya makubaliano, akajiuzulu. Siku ya mwaka mpya 1980 Mwalimu Nyerere aliwauliza mabalozi waliokusanyika Dar es Salaam ni lini IMF iligeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Swali lake lilikuwa sahihi, na bado ni sahihi. Lakini mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Tanzania ilisaini, baada ya miaka ya foleni za sukari na sabuni. Katika kukataa na katika kukubali, mwananchi alipewa taarifa. Hakuulizwa.

Kenya iliulizwa barabarani. Juni 2024 Muswada wa Fedha ulilenga kukusanya shilingi bilioni 346 za ziada, huku mpango wa IMF ulioanza 2021 ukiitaka serikali iongeze mapato na deni la taifa likiwa limevuka shilingi trilioni 10. Vijana waliusoma muswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakawapigia simu wabunge wao. Bunge lilipitisha. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Mwanzoni mwa Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Hiyo nayo ilikuwa kura juu ya kubana matumizi, na iligharimu maisha ya watoto wa watu kwa sababu hakukuwa na sanduku la kuipigia.

Waliouawa hawakuuliza kuhusu kodi ya mkate pekee. Waliuliza fedha zilizokopwa zilikwenda wapi. Mikopo ya China iliyojenga reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi ilisainiwa mwaka 2014, na ni Novemba 2022 ndipo serikali ilipoweka hadharani baadhi ya mikataba yake. Treni zilikuwa zimeshasafirisha abiria kwa miaka mitano kabla mlipaji hajaona alichosainiwa. Kusini mwetu, Msumbiji, kampuni tatu zilizodhaminiwa na serikali zilikopa takriban dola bilioni 2 kati ya 2013 na 2014 bila Bunge kujua sehemu kubwa ya mikopo hiyo. Siri ilipofichuka mwaka 2016 wafadhili wakasitisha misaada, sarafu ikaporomoka, na gharama ikaangukia zahanati na shule.

Wapo watakaosema haiwezekani kumwita mwananchi kwenye kituo cha kura kila serikali inapotaka kukopa. Kweli, na hakuna anayedai hivyo kwa mkopo wa kila wiki wa hati za hazina. Lakini kwa mikopo mikubwa jambo hilo linafanyika mahali pengine bila dunia kupinduka. Katika jimbo la California, hati fungani zitakazolipwa kutoka hazina kuu ya jimbo haziuzwi mpaka wapiga kura waziidhinishe. Novemba 2024 waliulizwa kuhusu dola bilioni 10 za kukarabati na kujenga shule. Kijitabu kilichotumwa majumbani kilieleza kazi itakayofanyika, kikaeleza pia kwamba ulipaji ungegharimu dola milioni 500 hivi kila mwaka kwa miaka 35. Walisoma bei yote kabla senti haijakopwa, kisha wakakubali.

Dodoma na Nairobi zinaweza kuanza na hatua ndogo kuliko hiyo. Nchini Tanzania, Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada, Sura ya 134, inampa waziri wa fedha mamlaka ya kukopa kwa niaba ya serikali. Bunge likiirekebisha, mkataba wa kila mkopo mkubwa wa nje unaweza kufikishwa mbele ya kamati kabla ya saini, ukiwa na riba yake, ratiba ya kulipa, dhamana iliyowekwa na mahakama itakayoamua mgogoro. Kenya haihitaji hata sheria mpya. Ibara ya 211 ya Katiba ya 2010 inasema Bunge la Taifa au Seneti likipitisha azimio la kuomba taarifa za mkopo wowote, waziri wa fedha analazimika kuziwasilisha kwa kamati husika ndani ya siku saba: jumla ya deni, matumizi ya fedha, mpango wa kulipa na hatua iliyofikiwa. Wabunge wanaweza kuitumia ibara hiyo wiki ijayo, wakianza na mikopo ambayo wino wake bado haujakauka.